Vidonge Vinne vya Asubuhi

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya migomba, Darlène alisoma kwa sauti. Alikaa mlangoni, daftari magotini, akasoma masomo yake ya historia au ya biolojia. Baba yake, Octave, alilala kwenye mkeka, amefumba macho, akimsikiliza. Octave hakumaliza shule. Lakini sasa alijua kazi ya moyo na ya mapafu kuliko watu wengi wa Lusangi waliomaliza.

"Rudia pale," alisema. "Pale damu inaingia mu moyo."

Darlène alirudia. Kisha kikohozi kikaanza, na masomo yakasimama. Kikohozi kile kilimkunja mwanaume mzima hadi kichwa kikagusa magoti. Kilipopita, Octave alifuta midomo na kusema, "Endelea." Hakupenda mtu amuulize kitu.

Darlène alikuwa na miaka kumi na minne. Alisoma darasa la nane. Mtihani wa mwisho ulikuwa umebakiza wiki tano. Akifaulu, angeenda Kasongo kukaa kwa mama yake mdogo na kusomea ualimu.

Mama yake, Emilienne, ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoka nyumbani. Shamba lao la mpunga lilikuwa mbali. Kila asubuhi alitoa vidonge vinne kwenye pakiti ya kituo cha afya. Aliviweka kwenye kisahani, karibu na kikombe cha maji.

"Papa Darlène, meza."

"Nitameza. Acha kwanza usingizi itoke."

Emilienne alimfunga mgongoni mtoto wake mdogo, Esther-Divine, akachukua jembe na kwenda. Darlène alifunga daftari na kwenda shule. Octave alibaki peke yake na vidonge vyake.

Hakubaki peke yake kwa muda mrefu. Mgeni wa kila siku alikuwa Djamali. Djamali alizaliwa Kasongo mjini, kwenye familia ya Waislamu wafanyabiashara. Alikuja Lusangi kutafuta dhahabu, akaoa, akabaki. Miaka tisa alichimba shimo moja na Octave. Siku moja udongo ulimwangukia Octave. Wengine walikimbia. Djamali alichimba kwa vidole mpaka akaona nywele za rafiki yake. Kucha mbili hazikuota tena.

Octave alipougua kifua kikuu, wenzake wa shimoni walimfukuza. Djamali peke yake aliendelea kuja. Alileta muwa, au kipande cha samaki wa moshi. Yeye pia alikohoa kidogo.

"Ni vumbi ya shimo tu," alisema.

* * *

Octave alikuwa ametimiza miezi miwili ya dawa. Siku ya Jumatatu Octave alikwenda kituoni na mke wake. Darlène aliwafuata baada ya shule. Muuguzi, mama Mathilde, ambaye wagonjwa walimwita munganga, alimpandisha Octave kwenye mizani. Alitazama mizani, akatazama kadi, akatazama mizani tena.

"Papa Octave, kilo imepungua. Na vijidudu viko bado mu makohozi. Dawa unameza?"

"Kila siku."

"Vyote vinne?"

Octave alitazama paa. "Munganga, miye ni mutu mukubwa."

"Sikuuliza ukubwa yako, papa. Nimeuliza vidonge."

"Nameza," Octave alisema.

Mathilde aliandika kwenye kadi. Halafu alieleza taratibu. "Nitatuma makohozi yako Kasongo. Kule kuko mashini inayoonyesha kama dawa hii ingali na nguvu. Mutu akimeza dawa vibaya, vijidudu vinaizoea. Ugonjwa inakuwa sugu. Hapo tunabadilisha dawa, na matibabu inakuwa ngumu kuliko hii."

"Jibu itatoka lini?" aliuliza Emilienne.

"Wiki moja, kama barabara itakubali."

Walirudi kwa miguu. Octave alisimama mara sita kupumzika. Darlène alihesabu, na kila mara hofu yake iliongezeka.

* * *

Jumatano alifika baba mkubwa Christophe, kaka wa Octave. Alikuwa na duka dogo Kabambare, la sabuni na vipuri vya baiskeli. Alikuja kwa pikipiki, matope mpaka magotini. Alimtazama mdogo wake, na macho yake yakajaa machozi. Lakini sauti yake ilikuwa kali.

"Miezi miwili ya dawa na mutu anakauka hivi? Tena nasikia anakojoa nyekundu. Ni kweli?"

Octave aligeukia ukuta.

"Mutu anakojoa damu, na nyiye munasema ni kifua? Hii haiko ugonjwa ya munganga. Hii ni watu. Kuna mutu anamukula kwa uchawi. Jumamosi nitarudi kumuchukua. Kuko mufumu mumoja ngambo ya Kabambare, anaponyesha magonjwa kama hii. Atakaa kwake mwezi muzima. Dawa za kituo ataacha, mufumu hapendi kuchanganya. Na Darlène atakwenda kumupikia."

"Na mutihani yake?" aliuliza Emilienne.

"Mutihani inarudi kila mwaka. Baba harudi."

Darlène aliyasikia yote akiwa jikoni. Maneno ya mwisho yalimchoma, kwa sababu yalikuwa na ukweli ndani yake. Kama mfumu, yule mganga wa kienyeji, angeweza kumponya baba, Darlène angeacha hata mitihani kumi. Lakini je, angemponya? Na dawa za kituo, zikiachwa, ingekuwaje?

Usiku ule hakusoma ukurasa hata mmoja.

* * *

Alhamisi jioni alikwenda kuteka maji. Alimkuta Aicha, mke wa Djamali, ameketi kando ya chemchemi na dumu tupu. Alikuwa akilia.

"Mama Aicha, kuna nini?"

"Usiambie mutu, mwanangu. Papa Djamali anakojoa nyekundu. Mutoto alimuona nyuma ya migomba. Ni kama mawese. Nilimuuliza, akanigombeza." Aicha alijifuta kwa kitambaa cha kichwa. "Shimo ile iko na kitu. Baba yako, sasa na wangu. Nimesikia Christophe anarudi Jumamosi. Nitamuomba amubebe Djamali pia."

Darlène alijaza dumu lake na kuondoka. Njiani neno moja lilimrudia: nyekundu. Aliwahi kuliona neno hilo limeandikwa. Lakini wapi?

Alipofika nyumbani alilikumbuka. Lilikuwa kwenye gamba la daftari lake la biolojia.

Hapa tuseme ukweli, kosa hili lilikuwa lake. Siku ya kwanza ya matibabu, Mathilde alimpa Octave karatasi ya maelezo, akamwambia aisome nyumbani na familia. Hakuna aliyeisoma. Mwalimu alitaka kila daftari liwe na gamba, na karatasi ile ilikuwa nzuri na ngumu. Basi Darlène alifunika nayo daftari. Miezi miwili alitembea na maneno yale kwapani, yeye anayesoma kila kitu.

Alibandua gamba polepole, lisichanike. Akalisoma kwenye mwanga wa moto.

*Dawa hii hufanya mkojo uwe mwekundu, au rangi ya chungwa. Hiyo si damu. Usiogope.*

Alipumua. Basi hakuna aliyemroga baba. Mkojo wake ni mwekundu kwa sababu ya dawa.

Halafu alikaa wima. Na Djamali? Djamali hakuwa na kadi. Hakuwahi kufika kituoni hata siku moja. Mkojo wake uliipata wapi rangi ile?

* * *

Ijumaa asubuhi Darlène hakusoma kwa sauti. Alisema amechelewa. Aliaga, akachukua mfuko wake na kutoka. Lakini hakwenda shule. Alizunguka nyuma ya jiko, akachuchumaa karibu na dirisha la chumba cha baba. Aliona haya sana. Mtoto kumchungulia baba yake si jambo dogo.

Djamali alikuja na kipande cha muwa. Walisalimiana. Octave alivuta kisahani.

"Viwili vyako, ndugu yangu."

"Na viwili vyako."

Djamali alisema "Bismillahi", akameza. Octave naye akameza. Walifanya hivyo kwa upole, kama watu wanaokula pamoja.

Darlène alisimama. Alizunguka nyumba, akaingia.

"Hukuenda kalasi?" aliuliza Octave.

"Nimesahau kitu, papa."

"Kitu gani?"

"Hii." Alitoa karatasi. "Kila siku nakusomea masomo yangu. Hii sikukusomea. Munisamehe."

Alisoma. Sauti ilikuwa ndogo mwanzoni, kisha ikapata nguvu. Alisoma habari za mkojo. Alisoma chini yake: *Meza vidonge vyako vyote, kila siku, mbele ya mtu. Usimgawie mwingine hata kimoja. Dawa nusu haiponyi. Humfundisha kijidudu kuishinda dawa.*

Octave alijaribu kusimama akashindwa. "Nani alikutuma kunichungulia? Mutoto anapeleleza baba yake?"

Darlène alianza kulia. Lakini hakutoka. "Papa, Jumamosi ni kesho."

"Octave," Djamali alisema. "Muache mutoto."

Octave alifunika uso kwa mikono.

"Alinitoa mu udongo na vidole vyake," alisema. "Na yeye anakohoa, nasikia. Sasa nimeze yote mbele ya macho yake? Shimoni tunagawa kila kitu. Chumvi tunagawa, sigara tunagawa. Kidole kimoja hakivunji chawa."

"Papa Djamali," Darlène aliuliza, "juu ya nini hamukuenda kituoni?"

Djamali alitazama kucha zake mbili zisizokuwepo. "Uliona walivyofukuza baba yako. Mutu wa kifua hana shimo. Miye niko na watoto watano."

Darlène alijifuta macho, akakimbia kwenda kumwita Mathilde.

* * *

Mathilde alikuja kwa miguu. Si mtu wa kunong'ona. Aliwagombeza wote wawili, kila mmoja kwa zamu, na Octave mara mbili kwa sababu ya uongo wa Jumatatu. Kisha alivuta kigoda na kukaa.

"Nyiye ni watu wa shimo. Niambieni. Maji ikijaa mu shimo, munafanya nini?"

"Tunaivuta na ndoo," alisema Djamali.

"Mukivuta nusu, halafu mukakwenda kulala?"

"Asubuhi shimo imejaa tena."

"Sasa wewe ulivuta nusu, na Octave akavuta nusu. Mashimo mawili, na hakuna ile imekauka." Aligeukia Octave. "Ulitaka kusaidia rafiki yako. Moyo yako ni muzuri, papa. Lakini vidonge vinne ni kipimo ya kilo zako. Viwili havikuponyi, wala havimuponyi."

"Na miye?" Djamali aliuliza. "Nitapata wapi zangu?"

"Kwetu. Utakohoa mu hiki kikopo, tutapima. Ukiwa nayo, utapata kadi yako na dawa yako. Ni bure. Ugonjwa inapita mu hewa, mutu akikohoa. Lakini mutu akimeza dawa vizuri, baada ya wiki chache haambukizi tena. Ndipo unarudi kazini. Miye mwenyewe nitakwenda kuwaeleza watu wa shimo. Mpaka pale, fungueni madirisha, na mukikohoa mufunike mudomo na kitambaa."

Alimtazama Esther-Divine, aliyerudi na mama yake kutoka shambani na kusimama mlangoni. "Huyu nitamupima leo. Nyumba yote, tena nyumba ya Aicha. Watoto wadogo, kama hawana ugonjwa, watapata dawa ya kuwakinga."

"Na papa?" aliuliza Darlène. "Tumechelewa?"

Mathilde hakumdanganya. "Sijui, mwanangu. Karatasi ya Kasongo ndiyo itasema."

* * *

Jumamosi pikipiki ya Christophe iliunguruma kabla ya saa tatu. Alikuta mdogo wake ameketi nje, amevaa shati safi. Djamali alikuwa kando yake. Emilienne na Aicha walisimama nyuma.

"Muzuri, uko tayari," alisema Christophe.

"Siendi, mukubwa wangu."

"Unakataa damu yako?"

"Sikatai. Munisikilize." Octave alipumua kwa shida. Maneno yaliyofuata yalimgharimu sana, kwa sababu alikuwa mtu wa fahari. "Hakuna mutu aliyenikula. Miye ndiye nilidanganya munganga, na nilidanganya muke wangu. Dawa yangu nilikuwa nagawa na Djamali. Hiyo nyekundu ni rangi ya dawa. Darlène, mupe baba yako mukubwa karatasi asome."

Christophe alisoma polepole, kidole chini ya kila neno. Alipomaliza alimtazama Djamali.

"Na wewe pia, nyekundu?"

"Kama mawese, muzee."

Aicha aliyesimama nyuma alicheka huku analia. Christophe hakucheka. Aliikunja karatasi.

"Na kama jibu ya Kasongo ikitoka mbaya?"

"Basi utatubeba na hiyo pikipiki mpaka Kasongo," alisema Emilienne. "Kwa munganga. Siyo kwa mufumu."

Christophe alisimama muda mrefu, funguo mkononi. Mwisho alivua koti lake, akakaa kwenye benchi. "Nitangoja hapa mpaka jibu ifike," alisema.

Alingoja siku nne. Jumapili mvua ilinyesha. Jumatatu pia. Kila pikipiki iliyopita, watu wa nyumba ile waliacha kuongea. Vidonge vinne vilimezwa kila asubuhi mbele ya macho ya Darlène, lakini hakuna aliyejua kama vilikuwa na kazi bado. Darlène alisoma, na kila alichosoma kilitoroka kichwani. Usiku alisikia kikohozi cha baba, akaomba Mungu.

Jumanne mchana Mathilde alionekana njiani. Alitembea haraka, kitambaa chake kimelegea. Emilienne aliweka sufuria chini. Hakuweza kwenda kumlaki.

"Dawa ingali na nguvu," Mathilde alisema kabla ya kufika. "Vijidudu havijaizoea. Tunaanza upya, tangu kidonge cha kwanza. Miezi sita, bila kukosa siku."

Emilienne alikaa chini kwenye udongo na kulia. Christophe aligeuka upande wa pikipiki yake, akaifuta matope ambayo hayakuwepo.

* * *

Makohozi ya Djamali nayo yalionyesha ugonjwa. Alipata kadi yake. Esther-Divine hakuwa na ugonjwa, akapewa dawa ya kumkinga.

Tangu siku ile, asubuhi ya nyumba ile ilibadilika. Wanaume wawili waliketi kwenye benchi, nje, penye hewa. Kila mmoja na kisahani chake. Darlène alisimama mbele yao.

"Fungueni mudomo nione."

"Huyu mwalimu ni mukali," Djamali alinung'unika. "Wanafunzi wa Kasongo watapata taabu."

Walifungua midomo. Darlène aliweka alama kwenye kadi ya kila mmoja, halafu akasoma masomo yake kwa sauti. Djamali naye akaanza kujua kazi ya ini.

Kwenye wiki ya mtihani, Octave alitembea mpaka barabarani kumsindikiza binti yake. Hakusimama kupumzika. Kilo nne zilikuwa zimerudi. Matokeo yalipotoka, jina la Darlène lilikuwemo, na Septemba akaenda Kasongo. Kazi ya visahani alimwachia mama yake, ambaye alikuwa mkali kuliko yeye.

Siku moja ya Novemba, Darlène alitoka darasani akamkuta mwanaume amesimama kwenye lango la shule, shati lake limejaa vumbi la barabara. Alikuwa mnene kidogo. Darlène alimtambua alipocheka.

"Papa! Nani amekubeba?"

"Baba yako mukubwa. Ameenda sokoni kutafuta vipuri."

Octave alifungua gazeti lenye samaki wa moshi. "Djamali anakusalimia. Yeye amebakiza siku chache. Ameniambia, hii ndiyo ya kugawa." Alimvunja samaki, akampa binti yake kipande kikubwa.

Kisha alitoa kadi mfukoni. Ilikuwa imekunjika kwenye pembe, imejaa alama, asubuhi baada ya asubuhi. Alimpa kwa mikono miwili.

"Munganga ameandika kitu chini. Alinisomea. Lakini nataka sauti yako."

Darlène alitazama mwandiko wa Mathilde. Akasoma kwa sauti.

"Amemaliza matibabu. Amepona."

Octave alifumba macho, kama alivyofanya zamani kwenye mkeka.

"Rudia pale," alisema.

Darlène alirudia.